Zawadi za Nyumba Mpya: Hiba au Deni?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, limezuka katika miji yetu jambo ambalo kwa nje ni dogo, na kwa ndani linagusa mambo matatu makubwa: mali ya Muislamu, uso wake, na udugu wake. Mtu akimaliza kujenga nyumba na kuhamia, hufanya karamu. Na kabla ya siku ya karamu, walioalikwa hupelekewa katika simu zao orodha ya vitu avitakavyo mwenye nyumba: jokofu, jiko la gesi, zulia, mapazia, vikombe na chupa za chai. Kila mmoja hutakiwa aandike jina lake mbele ya kitu alichokichagua, na wenziwe wote wakiona. Asiyechagua kitu huonyeshwa nambari ya M-Pesa apeleke fedha. Jambo hili lafanywa na watu wa pwani, na huku kwetu Garissa nako limefika. Na twaulizwa: jee, hii ni zawadi? Na asiyeweza afanye nini?

Karamu hii ina jina la Kizungu ambalo maana yake ni kuipasha nyumba moto. Sisi wa Garissa jua halikutuachia haja ya kupasha nyumba moto; lakini jina si kitu, twatazama jambo lenyewe.

Kwanza yatupasa tuseme haki. Karamu ya nyumba mpya si uzushi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameihisabu katika karamu za dini, na wameipa jina lake, wakira, kama walivyoita akika ile ya mtoto na naqia ile ya msafiri aliyerejea. Imam Nawawi ameitaja pamoja na nyenzake. Basi mwenye kuchinja mbuzi akawaita jirani zake wale, wamuombee Mungu baraka, amefanya jambo jema. Walakini tazama, ewe msomaji, njia ya mali katika karamu hiyo. Mwenye nyumba ndiye aliyeneemeshwa, basi yeye ndiye atoaye, na wageni ndio walao. Chakula chatoka kwake kwenda kwa watu, kwa kuwa shukrani ya neema ni kuigawa. Orodha imeigeuza njia hii: mali sasa yatoka kwa watu kwenda kwa aliyeneemeshwa. Shukrani imekuwa madai.

Wenye kuitetea orodha wana hoja zao, nazo hatuzidharau. Wasema: bila ya orodha watu huleta vitu vya namna moja, mwenye nyumba akawa na saa za ukutani saba na asiwe na ndoo ya kutekea maji, na huo ni upotevu wa mali uliokatazwa. Wasema tena: orodha humpunguzia mgeni taabu, maana ajua kinachohitajiwa, na maskini aweza kuchagua kisu au chujio, na tajiri akachagua kabati. Na wasema: Waislamu ni kama jengo moja, sehemu yake moja huishika nyengine, kuna ubaya gani tukisaidiana?

Twasema: hoja ya upotevu ni ya kweli, na hoja ya kusaidiana ni ya kweli zaidi. Lakini kitu chema hakitoshi kuwa na faida. Huulizwa pia kimesimama juu ya nini. Mashuhuri katika habari za orodha hizi ni kwamba mwaka 1924 duka kubwa la Marshall Field's, katika mji wa Chicago, Marekani, lilianza kuwaandikia mabibi arusi orodha ya vyombo walivyovitaka, ili jamaa zao waje kuvinunua papo hapo dukani. Hatulitaji hili ili tuseme kwamba kila kitokacho ng'ambo ni kibaya. Hata simu tunayoisoma orodha hiyo imetoka ng'ambo. Twalitaja ili ijulikane kwamba orodha ilizaliwa dukani. Na duka lina haki ya kutaka kuuza, lakini si duka litakalotufundisha sisi adabu ya kupeana.

Sasa tuje kwenye kiini cha suala. Mali ya mtu hutoka mkononi mwake kwenda kwa mwenziwe, bila ya kuuziana, kwa milango mitatu. Wa kwanza ni sadaka, nayo hutafutwa kwayo radhi ya Mungu, na humwendea mhitaji. Wa pili ni hiba au zawadi, nayo hutafutwa kwayo mapenzi, na yaweza kumwendea hata tajiri. Wa tatu ni karadha, nayo hurejeshwa. Milango yote mitatu ni halali na yote ina thawabu. Lililo baya ni mtu kuingia kwa mlango mmoja huku akisema ameingia kwa mwengine.

Na huku kwetu milango hii inajulikana sana kwa majina yake. Mtu akifikwa na msiba, jamaa zake humkusanyia qaaraan, na kila mtu hutoa kwa kadiri yake, na hapana aulizaye itarudi lini. Wanawake wa sokoni hucheza ayuuto, wengine wakaiita hagbad, na pwani huitwa upatu au mchezo: kila mmoja ajua fedha ngapi atatoa, na lini zamu yake itafika. Hagbad ni deni wazi. Ina daftari, ina zamu, na anayeingia ameingia kwa hiari yake na hesabu yake mkononi. Hapana mtu aliyedanganyika.

Lakini zawadi ya orodha, jee, iko mlango upi? Huitwa zawadi, na huandikwa daftarini. Fulani alitoa zulia. Basi fulani akihama na yeye, hapana budi arudishiwe zulia au zaidi, na akirudishiwa mkeka watu hucheka, na ndugu wakanuniana miaka. Hili ni deni lililovaa kanzu ya zawadi. Tena ni deni baya kuliko deni la dukani, kwani la dukani lina kiasi na muda na mashahidi, na hili halina kiasi wala muda, na shahidi wake ni ulimi wa watu.

Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa mbali na suala hili. Katika nchi zao palikuwa na kitu kiitwacho nuqut, ambacho ni mali wapewayo wenye arusi na furaha, na watu wakiiweka moyoni kwamba itarudi. Wafuasi wa Imam Shafi wakatofautiana: wengine wakasema ni karadha, na mtoaji ana haki ya kuidai, na wengine wakasema ni hiba, na haidaiwi. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijria, alimili kwenye kauli ya hiba, maana ada za watu katika jambo hilo zapingana, hazikusimama mahali pamoja. Tazama basi: ikiwa hao waliobobea katika elimu walisita wasijue lile ni deni au ni zawadi, vipi atajua mama wa watoto sita, ambaye jina lake limesubiriwa katika orodha tangu asubuhi?

Na Kurani imetuonya. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 39, Mwenyezi Mungu ametaja kile kitolewacho ili kizidi katika mali za watu, akasema kwamba kwake hakizidi. Na wafasiri wengi wameeleza kwamba muradi wake ni zawadi itolewayo kwa kutazamia kurudishiwa zaidi. Hawakusema kwamba kila zawadi ya namna hiyo ni haramu, bali wamesema haina thawabu. Na katika Sura ya Al-Muddaththir Mtume wetu mwenyewe ameamrishwa asitoe kwa kutaka kupata kingi. Basi mtu aliyekopa apate kununua zulia la orodha, na moyoni mwake alihisabu litarudi, amepoteza mara mbili: deni liko shingoni na thawabu haiko.

Tena kuna jambo la haya. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba mali ya Muislamu si halali illa kwa ridhaa ya moyo wake. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, ameeleza katika Ihya kwamba mali iliyotolewa kwa sababu ya kuona haya tu, na mpokeaji akalijua hilo, hukumu yake ni sawa na mali iliyochukuliwa kwa kupiga na kunyang'anya. Maneno haya ni mazito, na yatupasa tuyapime kwa hali yetu. Mtu mia wamo katika kikundi kimoja cha simu. Tisini wameandika vitu vyao. Msimamizi anaandika: bado watu kumi. Kisha anawataja kwa majina. Jee, hao kumi watakapotoa, watakuwa wametoa kwa ridhaa? Hapana aliyewashika mkono wala aliyewatolea kisu. Lakini wamechomolewa upanga usioonekana, na kila mmoja wetu aujua makali yake.

Pengine mtu atasema: mmezidisha, kuomba kwa rafiki si dhambi. Twasema: kweli, kuomba si namna moja. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ametuondolea uzito tule katika nyumba za jamaa zetu na marafiki zetu; na Mtume aliona chungu cha nyama chatokota nyumbani kwake, naye kaletewa mkate na kitoweo kingine, akaiuliza ile nyama, ikawa ni sadaka aliyopewa Barira, akasema kwamba kwa Barira ni sadaka na kwetu ni zawadi. Basi mtu kumwambia ndugu yake wa tumbo moja, au rafiki aujuaye moyo wake, "Nikitaka kitu kwako ningetaka birika," hapana lawama. Moyo wajulikana, na mlango wa kukataa uko wazi, na hapana wa tatu asikilizaye.

Lakini kuomba watu kwa jumla kuna mpaka wake. Katika Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, aliyoipokea Imam Muslim, Mtume amewahalalishia kuomba watu watatu: aliyebeba dhamana ya kupatanisha watu, aliyepatwa na balaa lililomaliza mali yake, na aliyefikiwa na ufukara hata watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakamshuhudia. Twamtafuta mwenye nyumba mpya ya mawe, yenye mabati mapya na vigae sakafuni, katika watatu hawa, na hatumpati.

Na hapa twataka tuwakumbushe wasomaji wetu wa pwani na wa huku bara desturi mbili za wazee, ili isije ikadhaniwa kwamba tunakataza kusaidiana. Wasomali wafugaji wana nyumba yao iitwayo aqal, ya fito zilizopindwa na mikeka iliyofumwa, nayo hubebwa juu ya ngamia. Nyumba hii ni ya mwanamke. Binti akiolewa, mama yake na wanawake wa jamaa zake ndio wafumao mikeka na kuandaa fito, na ndio waisimamishao. Na watu wa pwani walikuwa na msaragambo: mtu akijenga nyumba ya udongo, jirani zake walikuja kukandika, wengine wakaleta makuti, na mwenye nyumba akawapikia. Hata katika mambo hayo palikuwa na orodha isiyoandikwa, kwani kila mtu alijua kinachotakiwa. Ni nini basi kilichotofautisha? Kilichotofautisha ni kwamba orodha ile ilipimwa kwa haja. Nyumba haisimami bila ya fito, wala mvua haizuiliki bila ya mikeka au makuti. Mtu akitoa mkono wake hakukopa, kwa maana maskini na tajiri wote wana mikono miwili. Na nyumba ya huyu ilifanana na nyumba ya yule, basi hapakuwa na wa kumshinda mwenziwe. Orodha ya leo yapimwa kwa macho ya watu, na macho ya watu hayashibi.

Kuna desturi ya tatu, nayo ni bora kuliko hizo mbili. Mfugaji akifilisika, jamaa yake mwenye wanyama humpa ngamia au mbuzi wa maziwa amkame mpaka maziwa yakatike, kisha amrejeshe. Wasomali huita irmaansi, na katika Hadithi huitwa maniha. Imam Bukhari amepokea kwamba kuna sifa arubaini njema za kumpeleka mtu Peponi, na iliyo juu yao ni kumwazima mtu mbuzi wa maziwa. Angalia lililo ndani yake: mwenye nacho ndiye aendaye kwa asiye nacho, kwa kitu kile hasa anachokihitaji, na heshima ya mpokeaji haikuguswa.

Ndugu zetu, haja za namna hiyo ziko mlangoni petu. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hata 2023, mvua zikapungua misimu mitano mfululizo, umewamaliza wanyama wafugaji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, na wengine wamehamia pembezoni mwa miji katika vibanda vya fito na magunia. Kisha yakaja mafuriko ya Mto Tana mwisho wa 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024, yakawatoa watu majumbani mwao, upande wa Garissa na upande wa Madogo na Mororo. Hao wamo katika ile Hadithi ya Qabisa: balaa limemaliza mali zao. Sufuria, blanketi, ndoo na mkeka ni orodha ya kweli. Nao wengi wao ni wale waliosifiwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, ambao asiyewajua hudhani ni matajiri kwa kujizuia kwao, wala hawawang'ang'anii watu. Yawaje basi yule asiyeomba asahauliwe, na mwenye jokofu moja akusanyiwe la pili? Mtume amekiita chakula cha karamu wanayoitiwa matajiri na kuachwa maskini kuwa ni chakula kiovu. Twaogopa zawadi nazo zisije zikaingia katika mkumbo huo.

Limebaki neno moja la kuwaambia wenye vyeo, nalo halina kupindapinda. Tangu serikali za kaunti zisimame mwaka 2013, watu wetu wengi wamepata kazi kubwa karibu na nyumbani, na hiyo ni neema. Lakini afisa anapohamia nyumba mpya, na orodha yake ikawafikia wenye kutaka zabuni na wenye kungojea malipo kwake, hiyo haitafutiwi jina la zawadi. Mtume alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akusanye zaka; aliporudi akasema, hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akasimama juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake akatazama kama angezawadiwa. Kipimo hiki hakikuzeeka. Ewe mwenye cheo, jiulize: lau ungekuwa huna muhuri na kalamu hiyo, jee, zulia lile lingekufika? Sheria ya nchi nayo, ile ya mwaka 2012 juu ya uongozi na uadilifu, imewawekea watumishi wa umma mipaka katika zawadi. Lakini kwa Muislamu mimbari ilitangulia.

Basi hukumu yetu ni hii. Orodha kwa dhati yake si haramu, ni karatasi. Huwa njema ikiwa imeulizwa na mtoaji, na huwa mbaya ikiwa imetumwa na mpokeaji kwa watu wote. Huwa njema ikiwa asiyetoa hajulikani, na huwa mbaya ikiwa asiyetoa hutajwa. Na adabu zake twazifupisha hivi.

Kwa mwenye nyumba: alika watu kwa ajili ya chakula na dua, wala usifungamanishe mwaliko na kitu. Ndugu zako wa karibu wakikuuliza unahitaji nini, waambie kweli, na taja kidogo kabla ya kikubwa. Alete mtu alichonacho, nawe ukipokee kwa uso mkunjufu. Mtume amewakataza wanawake kudharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa kondoo. Na ukirudisha wema kwa uwezo wako, umefuata sunna, kwani Mtume alikuwa akipokea zawadi na akilipa. Na usipoweza, shukuru na umuombee aliyekupa, maana amefunza kwamba mwenye kumsifu mtoaji amekwisha kumshukuru.

Kwa mgeni: usikope kwa ajili ya zulia la mtu. Deni la kweli huwezi kulilipa kwa sifa. Nenda na ulichonacho, hata ikiwa ni kilo ya sukari. Na ikiwa huna, nenda na dua, usikae nyumbani kwa aibu, maana kuitikia mwaliko ni haki ya ndugu yako, na hakuna aliyesema kwamba haki hiyo ina bei. Na ukitoa, sahau. Zawadi inayokumbushwa imeliwa na masimango.

Kwa wasimamizi wa vikundi: fungeni daftari. Mkitaka kukusanya, ama fanyeni hagbad kwa jina lake na zamu zake, ama mkusanye kwa siri, kila mtu na kiasi chake, na asijue mmoja cha mwenziwe. Na kila mkusanyapo kwa ajili ya nyumba mpya, wekeni fungu moja kwa nyumba iliyochukuliwa na maji.

Tusikilize pia habari ya vyombo vya Bibi Fatima, binti wa Mtume, alipoolewa na Sayyidna Ali. Imepokewa kwamba baba yake alimuandalia shuka nene, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhir. Nyumba ile ilianza kwa vyombo vichache, nayo ikawalea Hasan na Husein.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, mpya na kuukuu, na azijaze watu waliokuja kwa mapenzi, wala si kwa kuogopa kutajwa. Wabillahi tawfiq.